Dawa ya Ukuta

Sauti yake niliisikia kabla sijajua kwamba nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mtu. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya chumba cha umeme cha nyumba moja kubwa ya Al-Rawdah, Jeddah, nikivuta waya wa mtandao uliokwama ndani ya bomba, na kama kawaida yangu nilikuwa nikiutukana. Kuna watu wakilemewa na kazi huvuta uradi. Mimi hutukana, tena kwa Kiswahili cha kwetu Kisauni, nikijua kuwa katika nyumba ile sina wa kunielewa.

"Pita, mwanahizaya we! Pita!"

"Nani huyo anatukana huko?" ukuta ukauliza.

Koleo lilinitoka mkononi. Nikatazama mlango, nikatazama dari, kisha nikaona. Chini ya kabati la umeme palikuwa na tundu la kupita ngumi mbili, walilolitoboa mafundi waliojenga nyumba ili wapitishe nyaya zao, wakaenda zao bila kuliziba. Mtu wa upande wa pili alikuwa akilifunga kwa kipande cha sponji ya godoro, na sasa alikuwa ameichomoa.

"Ni fundi," nikasema. "Niwie radhi, dada. Nilikuwa nausema waya."

"Na hiyo waya imekukosea nini?" Akacheka. "Aki wewe ni wa Coast. Sisi kwetu Bungoma hatujui kutukana hivyo."

Miaka ile Wakenya tulikuwa tukimiminika Saudia. Kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na wakala wake, na kila wakala alikuwa na bango la ndege mlangoni. Wasichana waliandikiwa kazi za nyumbani, wanaume ulinzi na udereva. Mimi nilikuwa na cheti cha kufunga mitandao, nikachukuliwa na kampuni ndogo ya Riyadh iliyofunga nyaya maofisini, na huko, mtaa wa Olaya, ndiko nilikokutana na msimamizi aliyenifundisha kazi upya.

Alikuwa mtu wa Kerala kule India, mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha kambini chenye viraka vya Kiingereza, ambamo sadiki ni rafiki, halas ni basi, na kitu kisichokuwepo ni mafi. Alinikuta nimefunga nyaya kwa vifungo vya plastiki nilivyovikaza hadi nyaya zikabonyea, akavikata vyote mbele yangu bila kusema neno, akanipa mikanda laini ya kubandika na kubandua. Nyaya zake zililala katika trei kama nywele zilizochanwa na mama anayempeleka mtoto harusini. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni, siwezi kula penye bakuli chafu, lakini sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa na kinyaa cha waya. Kwake nilikipata, na mpaka leo sijapona.

Jambo lake kubwa lilikuwa matundu. "Sadiki," alikuwa akiniambia, "ukipitisha waya wako katika shimo la mtu, halas, shimo limekuwa lako." Maana yake lazima nilizibe. Si kwa saruji, wala kwa lile povu la njano la madukani linalowaka kama karatasi. Unajaza kwanza pamba ya mawe, pamba isiyoshika moto, halafu juu yake unapaka uji mzito mwekundu ambao ukikauka unashikamana na ukuta, na moto ukija unavimba na kubana zaidi. Sisi Wakenya tuliokuwa kazini uji ule tuliuita dawa. Lete dawa, dawa imeisha, hapa hapajawekwa dawa. Fundi wa Kiswahili akikosa jina la kitu cha kupaka hukiita dawa, na mambo yanakwenda.

Mwanzoni niliona anatusumbua. Kisha tukaitwa jengo moja la Olaya kurudisha mtandao baada ya moto kidogo katika chumba cha nyaya. Moto wenyewe walinzi waliuzima kwa mitungi kabla haujafika mbali. Lakini chumba kilichopakana nacho, alimokuwa akikaa mtu wa kupika chai, kilikuwa cheusi kuanzia nusu ya ukuta hadi dari. Msimamizi akanionyesha matundu mawili katika ukuta mmoja. Moja lilikuwa limezibwa, na rangi kulizunguka ilikuwa nyeupe vilevile. La pili liliachwa wazi, na juu yake masizi yalikuwa yametambaa ukutani hadi juu kabisa. Yule mtu wa chai alitolewa mzima, ila nilimkuta kwenye ngazi akikohoa, akiniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza kitu. Tangu siku hiyo sijaacha tundu wazi.

Kisha kampuni ikapata kazi Jeddah, ikatuhamishia huko mimi na msimamizi, tukapangishiwa vyumba mtaa wa Kandara, juu ya duka la mikoba, na kila asubuhi gari la kampuni lilinipeleka Al-Rawdah. Kazi ilikuwa kufunga mtandao wa nyumba nzima, simu za ndani na kamera za geti. Mlinzi, Msudani mwenye adabu nyingi na maneno machache, ndiye aliyenifungulia milango. Wanawake wa nyumba sikuwaona, na sikutakiwa kuwaona. Baba wa nyumba nilimwona mara moja, akaniuliza kama mtandao utafika chumba cha mazoezi.

Kwa hiyo huyu dada wa Bungoma nilimjua kwa sauti tu. Chumba chake kilipakana na chumba cha umeme, na kazi yake ya mchana ilikuwa kupiga pasi humo humo. Nilikuwa nasikia pasi ikifuka mvuke na yeye akiimba taratibu nyimbo za kanisani, kwa pumzi tu, wimbo usije ukafika juu. Tulizungumza vitu vidogo. Aliniuliza kama Kandara kuna unga wa ugali. Nilimwambia upo, lakini unakaa sana dukani, unanuka gunia. Akasema hata hiyo harufu ya gunia angeilipia.

"Madam si mbaya," aliniambia. "Ananiita kwa jina, anakula chenye nakula. Lakini hapa sitoki. Kazi yangu yote iko ndani. Hata takataka inatolewa na mlinzi."

Sikuelewa kwa nini takataka zilimuuma hivyo mpaka ilipofika alasiri. Mlango wa chumba cha umeme ulikuwa wa chuma wenye vipande vya kupitisha hewa, na ulitazama kichochoro yalikokuwa mapipa ya taka ya mtaa. Nilikuwa katikati ya kutoboa, drili inanguruma, mara mtu akapiga mlango wa chuma kwa kiganja.

"Zima hiyo kitu yako!" dada akaniamrisha kutoka ukutani. "Zima, wamekuja!"

Nikazima, huku nimenuna. Nje kwenye mapipa zikasikika sauti za wanawake watatu, wafanyakazi wa nyumba za jirani, Wakenya wote.

"Dada wa ukuta! Umeshindaje?"

"Nimeshinda poa! Mtoto amefanya mtihani?"

"Amefanya! Anasema hesabu ilikuwa ngumu!"

Maneno yalipita kutoka kichochoroni, yakaingia katika vile vipande vya mlango, yakapita juu ya kichwa changu mimi niliyekaa sakafuni na drili mapajani, yakaingia tunduni hadi kwake. Majibu yakarudi njia hiyo hiyo. Mmoja alikuwa na sauti nzito, mmoja kila akisema alimalizia kwa kicheko, wa tatu alikuwa mtoto wa Malindi, nilimjua kwa lafudhi. Walipeana habari za nyumbani, za visigino kupasuka, za nani ameongezewa mshahara na nani kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, anachelewesha karatasi. Kisha mifuniko ya mapipa ikafungwa na kichochoro kikanyamaza.

"Marafiki zako?" nikamuuliza.

"Ndio watu wangu."

"Ni wazuri?"

"Sijawahi kuwaona," akasema. "Yule wa kucheka huwa nafikiria ni mnene. Lakini sijui."

Nilirudi kazini. Kila alasiri ikawa vile vile, nami nikawa nazima drili kabla sijaamrishwa, ingawa nilinung'unika, maana sikutaka wanizoee.

Waya wangu wa kwenda jikoni ulipita katika tundu lile. Kwa kanuni ya msimamizi, tundu lilikuwa langu. Nyaya za umeme zilizokuwemo zilikuwa za zamani, ngozi yake imeanza kukauka, na upande wa dada kilichozuia moshi kilikuwa sponji ya godoro. Kila nilipoiona sponji ile nilimkumbuka yule mtu wa chai kwenye ngazi. Kwa hiyo kazi ya nyaya ilipokaribia kwisha nikamwambia, "Dada, kesho naweka dawa hapa."

"Mungu akubariki!" akasema, kwa furaha ambayo sikuitarajia. "Hata leo weka. Hizi zimenimaliza."

Nikaona ni mtu mwelewa. Kesho yake nikaja na pamba ya mawe na ndoo ya uji mwekundu, nikakuta amekwisha kuandaa chumba. Aliniambia ametandua kitanda, amefunika vyombo vyake na ameweka nguo zote ndani ya mifuko. Nikajiuliza mtu hufunikia nini vyombo kwa sababu ya kuzibwa tundu, lakini sikuuliza. Nikaanza kushindilia pamba.

"Wewe," akasema. "Mbona unaweka pamba?"

"Dawa inakaa juu ya pamba."

"Dawa gani inakaa juu ya pamba? Si unapuliza?"

"Kupuliza nini?"

"Dawa ya mende!"

Mimi nikacheka, na kicheko changu kikafia njiani, kwa sababu yeye hakucheka.

"Kwani unafunga?" akauliza.

"Ndiyo, dada. Ni dawa ya moto. Naziba."

"Usizibe." Sauti yake ilikuwa karibu sana sasa, nadhani alikuwa ameweka uso penye tundu. "Tafadhali, fundi. Mende nitavumilia. Ukifunga hii shimo mimi nitaongea na nani?"

Nilikaa chini nikaegemeza mgongo kwenye kabati jipya la mtandao, lile nililolipanga vizuri hata nikalipiga picha ya kumwonyesha mama. Nilifikiria kuacha upenyo wa kidole. Nilifikiria kumdanganya msimamizi. Lakini nusu ya kuziba haipo, moshi hautafuti mlango mpana. Nikamweleza habari za Olaya, taratibu, bila kumtisha. Nikamweleza kuhusu tundu lililozungukwa na rangi nyeupe na lile lililozungukwa na masizi. Nikamwambia nyaya zinazopita karibu na kitanda chake ni za zamani, na kwamba kukitokea hitilafu siku yoyote, chumba cha kwanza kujaa moshi ni chake, na yeye amelala.

Nilisikia pasi ikiwekwa chini.

"Sasa nakusaidia aje?" akasema mwishowe.

Hilo ndilo lililonichoma. Afadhali angenitukana.

Palikuwa na msaada mmoja nilioutaka. Ili kujua kama tundu limezibika, mtu mmoja humulika tochi upande huu na mwingine hutazama upande ule. Kwa kawaida aliyetazama alikuwa msimamizi. Nikamwambia dada azime taa ya chumbani kwake na atazame ukutani. Nikapaka tabaka la kwanza, nikawasha tochi.

"Unaona mwanga?"

"Naona."

"Wapi?"

"Hapo juu ya hiyo waya ya blue."

Nikajaza juu ya waya wa buluu. "Na sasa?"

"Naona kidogo. Kona ya chini, upande wa mlango wako."

Sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, kama ya mtu anayezungumza chini ya blanketi. Nikapaka kona ile, nikalainisha kwa kidole kilicholowa maji, nikarudisha tochi.

"Na sasa, dada? Unaona mwanga?"

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti zaidi. Sikujua kama amekataa kunijibu, au amenijibu nami simsikii. Nilibaki nimepiga magoti na tochi mkononi, mbele ya kazi safi kuliko zote nilizopata kufanya, na nilijisikia vibaya moyoni.

Asubuhi iliyofuata, dada akiwa juu kwa madam, mlinzi alitufungulia chumba chake ili mimi na msimamizi tumalize upande wa pili. Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Sakafuni, mbele ya tundu, palikuwa na mto mdogo uliobonyea katikati. Hapo ndipo alipokuwa akikaa. Msimamizi aliutazama, akanitazama, akauinua kwa mikono miwili na kuuweka kitandani kabla ya kuanza kazi. Tulipomaliza alipitisha kidole kwenye dawa, akasema, "Zein." Kwake neno hilo lilikuwa adimu, na siku nyingine ningetembea nalo wiki nzima.

Alasiri nilikuwa peke yangu katika chumba cha umeme, nikiweka alama za mwisho kwenye nyaya, kiganja kikapiga mlango wa chuma.

"Dada wa ukuta! Umeshindaje?"

Nikaendelea kubandika alama.

"Dada! Uko?"

"Hayupo," nikasema. "Yaani yupo. Tundu limezibwa."

"Na huyo ni nani?"

"Fundi."

"Nani ameziba?" Huyo alikuwa yule wa sauti nzito.

"Mimi."

"Na wewe ni Mkenya?"

Aliliuliza swali hilo polepole, nami nikaona aibu ingawa sikuwa na kosa. Nikawaeleza habari za moto na moshi kupitia vipande vya mlango. Sasa mimi ndiye niliyekuwa sauti ya ukutani, na wao ndio waliokuwa wakisikiliza nje karibu na mapipa. Walinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, moto tumesikia," akasema wa sauti nzito. "Kwani hiyo nyumba haina mlango?"

"Mlango upo," akajibu wa Malindi, "lakini wenda kwenye geti la watu, wasema wataka nini? Hukutumwa."

Nikaelewa kwa nini hawakuwahi kuujaribu mlango. Walikuwa na tundu, na tundu liliwatosha. Isitoshe, mfanyakazi wa nyumba habonyezi kengele ya nyumba nyingine bila kutumwa.

Ndipo yule wa kicheko akamuuliza mwenzake, "Kwani kwa madam wako chumvi huwa haiishi?"

Walicheka mpaka mfuniko wa pipa ukaanguka.

Siku iliyofuata nilikuwa uani, juu ya ngazi, nikifunga kamera ya geti. Kengele ikalia. Mlinzi akafungua, akaenda mlango wa nyumba, nikamsikia akimwambia madam kwa Kiarabu kwamba jirani wa nyumba ya kona wanaomba chumvi kidogo. Madam alikuwa mtu wa kuheshimu haki ya jirani. Sauti yake ilitoka ndani ikiita, "Yalla, wapelekee!"

Akatoka mwanamke mfupi, mwembamba, mkubwa kwa umri kuliko nilivyomchora akilini, amebeba kopo la chumvi mbele yake kwa mikono miwili. Alipita chini ya ngazi yangu bila kuinua uso. Getini alisimama mwanamke mrefu kama mlingoti, amekonda, ameshika bakuli.

Wakatazamana. Yule mrefu akajaribu kujizuia, kicheko kikamponyoka, kile kile cha mapipani.

"Kumbe wewe ndiye wewe!" dada akasema.

"Ndio mimi!"

"Na mimi nilikuwa najua wewe ni mnene!"

Kopo likashuka chini, mikono ikashikana. Mlinzi akageuka kutazama maua. Mimi nikajifanya napambana na waya, nikaanza kuutukana kwa sauti ya chini kama kawaida yangu. Dada akaacha kusema. Akageuza kichwa, akainua macho taratibu hadi juu ya ngazi.

Wakati huo huo kengele ikalia tena. Nyuma ya yule mrefu alikuwa amesimama mwingine na kikombe kitupu, na nyuma yake, akikimbia asichelewe, mwingine wa tatu na sufuria.

Madam akachungulia kwenye uwazi wa mlango, nusu ya uso, akauliza kuna nini getini. Mlinzi akamjibu kwa adabu kwamba leo, wallahi, mtaa mzima mafi chumvi.